Uwanja Uliosimama Wima

Siku ya kwanza kazini, uwanja wa ndege, enzi za Mwingereza, nilikabidhiwa mfuko wa upepo, ile soksi kubwa inayomwonyesha rubani upepo utokako, pamoja na ng'ombe wote wa Njombe niwafukuze uwanjani. Nilikuwa nimetoka Mahongole, kule Makambako, na cheti cha shule ya usiku. Kifua kilinivimba hata koti la serikali likakataa vifungo.

Rubani wetu, Kapteni, alikuwa mashakani. Mara mbili magurudumu yake yaligusa majani kabla ya kufika uwanjani. Bwana Mkubwa wa Viwanja akamwambia mbele yetu sote, "Ikitokea tena, utarudi Ulaya kwa meli."

Ndipo akaja Bwana Mtafiti. Alisema hachunguzi injini, anamchunguza binadamu aliyeishika.

"Kazi hiyo husomewa wapi, Bwana?" nikamwuliza.

Akacheka. Yeye alisomea saikolojia, elimu ya akili na hisi. Mwenzake alikuwa daktari wa macho, mwingine mhandisi, na mkuu wao rubani mstaafu. "Milango ni mingi. Hata wewe wa shule ya usiku, karibu."

Basi akanipakia ndegeni, Kapteni akiendesha. Wanangu, tulipaa hadi nikasikia malaika wakikohoa! Mawingu yalilala mabondeni kama kondoo, mashamba ya chai ya Lupembe yakielea mbali, nami nikasahau kama nina miguu. Tulipogeuka kutua, uwanja ukasimama wima mbele yetu kama ukuta.

"Kapteni, unaona nini?" akauliza Mtafiti.

"Naona niko juu mno. Nashuka."

"Usishuke! Uwanja unapanda kilima, ndiyo maana jicho linadhani uko juu."

Kapteni akainua pua ya ndege. Tulipotua salama akauliza polepole, "Kumbe si uzembe wangu?"

"Ni jicho la binadamu. Hata langu lingedanganyika."

Nikapaka mawe chokaa, tukayapanga pale magurudumu yanapopaswa kugusa, rubani alenge hayo badala ya kuamini jicho. Siku ya jaribio Bwana Mkubwa alisimama kando, mikono nyuma. Ndege ikatokeza ukunguni, ikaja, ikaja, ikagusa kwenye weupe. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Kapteni," alisema, "meli itaondoka bila wewe."

Nilimfuata Mtafiti viwanja vingi, na debe langu la chokaa, hadi nikastaafu. Siku hizi mjukuu akivunja chungu, nyumba nzima huuliza nani kavunja. Mimi humwuliza aliona nini. Na mara nyingine nikisinzia kibarazani, uwanja husimama tena wima mbele yangu. Sishtuki. Natafuta mawe yangu meupe, nayaona, nashuka taratibu.