Mstari Alioufunga Mathe

Mathe Lusenge, fundi wa kompyuta wa Butembo, hajui kumkatalia jirani ombi, na hilo ndilo lililomponza.

Alifungua chumba karibu na soko, wazee wakawa wanakuja kusimulia ukoo na mashamba yao, sauti zihifadhiwe kwa ajili ya wajukuu. Programu ya kuzihifadhi aliifungia ndani ya kontena, yaani kifurushi cha kidijitali, kama wafanyavyo mafundi wa siku hizi: kila kitu kimo humo, na faili moja fupi la maagizo, liitwalo yaml, linaieleza mashine namna ya kuiwasha. Ndani ya faili hilo mstari mmoja ulisema sauti ziwekwe nje, kwenye diski. Bila mstari huo sauti hulala ndani ya kontena, na kontena ikitupwa, zinatupwa nayo. Mathe alilijua hilo kama jina lake. Alikuwa akipanda pikipiki hadi Mulekera, kule Beni, kuwafundisha wenzake: andikeni kwanza mahali pa kuhifadhi, mengine yatafuata.

Wiki ya kwanza tu, jirani yake Zorobabel, mpiga video wa harusi, akaja kuazima diski. Mathe akampa. Akaweka alama ndogo mbele ya ule mstari ili mashine iuruke, akijiambia ataifuta alama hiyo diski ikirudi. Diski ilirudi, na kwa kuwa kwao kitu cha kuazima hakirudishwi mikono mitupu, ilikuja na mkungu wa ndizi. Ndizi zikaliwa kwa shangwe, diski ikaingia kabatini, alama ikasahauliwa. Kwa miezi mitano programu iliendelea kupokea sauti bila kulalamika, mnafiki mkubwa.

Katika miezi hiyo alikuja Paulin, mkulima wa kakao aliyekimbia vita kule Mbau pamoja na mkewe Kanyere. Alikohoa, akakicheka kikohozi chake mwenyewe, kisha akasimulia saa nzima. Kabla ya Pasaka alifariki.

Siku chache baada ya mazishi Mathe aliweka toleo jipya la programu. Akaitupa kontena ya zamani, akawasha mpya, kazi ya dakika mbili. Ilikuwa tupu. Alipofungua faili, aliiona ile alama mbele ya mstari. Alitafuta siku tatu, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatatu Kanyere alikuja na wanawe wawili kusikiliza sauti ya marehemu, wamevaa nguo za kanisani. Mathe angeweza kusingizia umeme. Butembo nani angebisha? Lakini alimweleza yote, hata habari ya ndizi.

Kanyere alimvuta karibu mwanawe mdogo.

"Mipaka ya shamba mi najua," alisema. "Mambo ya ukoo, bashangazi yabo batabaambia. Mais, lakini huyu mudogo hatakumbuka sauti ya baba yake. Nilitaka asikie tu vile alikuwa anachekaka."

"Unisamehe, mama."

"Nimekusamehe, papa Mathe. Mais sauti haitarudi."

Walipoondoka, Mathe aliitoa diski kabatini akaichomeka, kisha akafungua faili akaifuta ile alama. Kuifuta hakukuchukua hata sekunde moja, na hilo lilimuuma kuliko yote. Sasa mashine ingehifadhi kila kitu kwa uaminifu. Akasogea kwenye kinasa sauti, akajaribu kukohoa kama Paulin, kisha kucheka. Alipojisikiliza, akasikia Mathe tu.