Koini za Mdogo Wangu na Kiwanja Chetu

Mwenye kiwanja alichagua kuja mchana, wakati wafanyakazi wa viwandani wametoka na kila mmoja anataka sahani yake kabla ya mwenzake. Alisimama kando ya sufuria zangu, akakataa kukaa, akakataa chai. Nikajua hakuja kwa heri. Mzee yule tulikuwa tumemlipa kodi ya eneo kwa miaka mingi, na hakuwahi hata siku moja kukataa chai.

"Nauza," alisema. "Nimezeeka, wanangu, nataka nikakae kwetu Magu. Nyie nawapa nafasi ya kwanza kwa sababu tumeishi vizuri. Mpaka mwisho wa mwaka. Mkishindwa, namuuzia mwingine, na msininunie."

Kisha akataja bei. Mwenzangu wa meza ya pili akasahau mwiko mkononi na ugali wake ukashika chini.

Sisi ni wanawake kumi na mmoja, mama lishe wa Nyakato, tunaopika chini ya bati moja refu jirani na viwanda. Kabla ya kuhamia hapo nilipika barabarani, na nakumbuka vizuri maana yake. Unapika huku jicho moja linaangalia mgambo, mvua ikinyesha unafunika maharage kwanza na mtoto baadaye. Watoto wangu watatu nimewasomesha kwa sufuria zangu chini ya lile bati. Kurudi barabarani nikiwa na umri huu, na magoti haya, sikutaka hata kukufikiria. Usiku ule nilimwambia Mungu wazi kwamba hilo hapana.

Tulikuwa na kikoba chetu cha kuweka na kukopa. Vikundi vingi siku hizi vimehamia kwenye simu, lakini sisi bado tulikuwa na sanduku la chuma, lile lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa wanawake watatu tofauti, sanduku lenyewe hukaa kwa mweka hazina, na bila watatu wote kuwepo halifunguki. Juu lina tundu la kutumbukizia pesa, kwa hiyo kuingiza hakuna shida, shida ni kutoa. Ufunguo mmoja ulikuwa wangu. Walinichagua, kama alivyosema mwenyekiti wetu mbele za watu, kwa sababu mimi hata nikiombwa chumvi nauliza ya nini.

Tukasimamisha mikopo. Kila tulichopata kikaingia sandukuni. Hata hivyo, mwaka ulipofika katikati, tulikaa tukapiga hesabu tukaona kwamba kwa mwendo ule hatutafika. Tuliangalia tu sufuria zetu zilizofunikwa, na mmoja wetu akaanza kulia taratibu, kama mtu anayeona aibu kulia.

Hapo ndipo alipoingia mdogo wangu.

Mdogo wangu ana duka la simu Mkuyuni. Anabadilisha vioo, anauza chaja na kava. Sitaki msomaji amchukulie kama tapeli, maana hajawahi kumdhulumu mtu. Alikuwa amenunua sarafu za mtandaoni, mwenyewe anaziita koini, kidogo kidogo kwa faida ya duka. Zilipopanda akauza sehemu, akanunua kiwanja Kisesa, na nyumba yake ikafika lenta, mkanda wa juu ya madirisha. Tuliiona kwa macho. Kwa hiyo mwenyekiti alipomwita aje kwenye kikao chetu cha Alhamisi, kila mtu alimsikiliza kwa heshima, na mimi dada yake nikiwemo.

"Shikamooni mama zangu. Shikamoo dada."

"Marahaba," nikajibu, nikamwekea stuli.

Aliongea vizuri, jamani. Alituonyesha kwenye simu mstari unaopanda na kushuka, akatueleza kwamba pesa iliyolala sandukuni inapungua nguvu kila siku, kwa sababu mchele unapanda na mafuta yanapanda. Hilo nani angelibisha? Sisi ndio wanunuzi wa mchele. Akasema tukiweka zote sasa, na zikienda kama zilivyokwenda mwaka uliopita, tutafika kwenye bei ya mzee na chenji itabaki ya kujenga jiko. Niliona macho ya wenzangu yakiwaka. Na yangu yaliwaka, kwa nini nidanganye? Kwa dakika chache nililiona hilo jiko, lenye bomba lake la moshi.

Kisha nikauliza. "Mdogo wangu, zikishuka je?"

"Zikishuka unatulia, dada. Huuzi. Unasubiri, zinapanda tena. Wanaoumia ni wale wenye haraka."

"Na mzee naye atasubiri?"

"Ni hatari ndogo, dada. Kila biashara ina hatari. Hata wewe ukipika wali mwingi mvua ikanyesha, unapata hasara."

"Wali ukibaki nakula na wanangu," nikamwambia. "Sisi ndio hao wenye haraka unaowasema. Siku ya kulipa imepangwa na mtu mwingine, na simu yako haiijui."

Wenzangu waliguna. Mwenyekiti akasema tupige kura, na mikono kumi ikapanda. Mmoja wa wale wenye funguo alikuwa ameshautoa wake, anaupigapiga mezani. Mimi nilikuwa nimeufunga wangu kwenye pindo la kitenge. Nikasimama nikasema sifungui. Walioogopa kusema na mimi walisema na Mungu. Walioweza kusema na mimi walinisema mpaka jua likazama. Katiba yetu tuliiandika wenyewe, na inasema mshika ufunguo habadilishwi mpaka mkutano wa mwaka. Waliisoma mara mbili wakitafuta upenyo.

"Basi vunjeni kufuli," nikawaambia. "Nyundo iko pale chini ya meza."

Hakuna aliyevunja. Ila mwenyekiti alinitazama akaniuliza swali lililonichoma: "Haya, wewe unayejua kukataa, tuambie hiyo pesa inayokosekana itatoka wapi?"

Kwa hasira nikajibu, "Itatoka kwenye supu."

Wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka, na hilo ndilo lililonikaza.

Supu ipi, mimi mwenyewe sikujua wakati ule. Lakini usiku, nikiwa bado nimefura, nikakumbuka kitu tulichokuwa tunakiona miaka yote bila kukitazama. Tulikuwa tunauza chakula cha mchana tu. Wafanyakazi wa zamu ya usiku wanatoka alfajiri, macho mekundu, njaa imewashika, na wanachokikuta nje ya geti ni maandazi ya jana. Keshokutwa yake kabla hakujakucha nilikuwa Igogo kando ya ziwa nikinunua vichwa vya sangara na mapanki, ile mifupa inayobaki viwandani minofu ikishakatwa. Bei yake rahisi, na ukijua kuitendea haki kwa ndimu, tangawizi na pilipili, utamu wake mtu anaweza kuanza kusimulia habari za kwao. Geti lilipofunguliwa, sufuria ilikuwa inachemka. Kabla jua halijapanda vizuri nilikuwa nakwangua chini.

Wenzangu walikuwa wamenuna, lakini walikuwa wakinusa pia. Siku chache baadaye mwenzangu wa meza ya pili alikuja na unga wa chapati, akaanza kukanda bila kunisalimia. Nami sikumsalimia. Tuliuza chapati na supu bega kwa bega, na mwishoni tukajikuta tunacheka kwa sababu mteja mmoja alikunywa bakuli tatu akalala pale pale mezani. Halafu akaja mwenzetu mwingine, na mwingine. Kila Alhamisi pesa ya supu ilitumbukizwa kwenye lile tundu, na hakuna aliyeigusa.

Na sasa niseme ukweli ambao watu wa upande wangu hawapendi kuusema. Koini zilipanda. Zilipanda kweli kweli! Mdogo wangu alikuja kula kwangu karibu kila siku, anaweka simu kando ya sahani, anaisogeza tu ili niione. Mwenyekiti akiiona anashusha pumzi ndefu kama mtu aliyefiwa. "Tungekuwa tumeshamaliza," anasema. "Tungekuwa tumeshalipa, tunachagua rangi ya milango." Neno hilo lilikuwa kweli, na lilinikosesha usingizi. Jumapili moja nilijikuta kanisani, mama mzima, nimefumba macho namwomba Mungu azishushe bei za koini. Nikafumbua haraka, nikatazama huku na huku kama nimesikika.

Hofu yangu haikuwa kuchekwa. Niliogopa kwamba mwaka utaisha, supu haitatosha, na wanawake kumi watarudi barabarani kwa sababu ya ubishi wangu mimi. Nikiwaza hivyo nilikuwa naamka mapema zaidi. Tukaongeza uji wa ulezi. Tukaanza kupeleka vyakula kwenye maegesho ya malori. Mmoja wetu, mwenye sauti kubwa kuliko wote, alitumwa getini kuita wateja, na nina hakika walikuwa wanamsikia mpaka mjini.

Mwaka ulipobakiza wiki ya mwisho, mdogo wangu alikuja, akakaa, hakuagiza chakula. Simu ilikuwa mfukoni.

"Zimeshuka," akasema.

"Sana?"

"Sana, dada. Lakini ni kawaida. Zitarudi."

"Najua zitarudi," nikamjibu, na nilimaanisha. Nikampa bakuli la supu bure, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mtu mwenye duka. Na kweli, baadaye zilirudi, tena zikapita pale zilipokuwa. Yeye alitulia kama alivyofundisha, hakuuza, na leo nyumba yake ya Kisesa imeezekwa. Sina kinyongo. Ukiniuliza kama mtu wa kawaida anunue vitu hivyo, nitakwambia mdogo wangu anunue, kwa sababu pesa yake ile ilikuwa haidaiwi na mtu wala haisubiriwi na siku. Yetu ilikuwa na tarehe yake. Ada ya mtoto ina tarehe, kodi ya chumba ina tarehe, mbolea nayo haingoji mvua iishe. Pesa ya namna hiyo usiipeleke mahali ambapo dawa pekee ya hasara ni kusubiri.

Siku ya malipo tulikwenda wote kumi na mmoja, tumevaa vitenge vya sare, sanduku limebebwa na wawili. Tulipofika kiwanjani tukamkuta mzee, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mwanamume mmoja aliyevaa viatu vinavyong'aa, ana futi kamba mkononi, anapima. Anapima kuanzia meza yangu! Alikuwa ameshaambiwa kwamba sisi hatutafika, na alikuwa anamwonyesha msaidizi wake mahali pa kuweka ghala.

"Shikamoo mzee," tukasema kwa pamoja, na sauti ilitoka kama kwaya.

"Marahaba, wanangu." Akatazama sanduku, akatutazama. "Mmefika?"

Tukalitua sanduku chini. Kufuli zikafunguliwa, moja, ya pili, kisha yangu. Noti zetu zilikuwa zinanuka samaki. Mwenyekiti wa mtaa alizihesabu akiwa amekunja pua, akazihesabu tena, akamwitikia mzee kwa kichwa kwamba ziko sawa.

Mzee akamgeukia yule wa viatu. "Bwana, samahani. Kunja futi yako."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilitoa watu viwandani. Mwenzangu wa meza ya pili alinibeba, na mimi si mwepesi. Nililia huku nawagombeza wasinikanyagie sufuria. Mwenyekiti wetu alikuja mbele yangu, akasimama, akasema mbele ya wote, "Wewe mwanamke unaudhi sana. Mungu akutunze." Sijawahi kupewa sifa nyingine niliyoipenda hivyo. Nilishinda, na nilijisikia mshindi kutoka kichwani mpaka kwenye yale magoti, na wala sikujaribu kuuficha ushindi huo kwa unyenyekevu.

Mwezi uliofuata tulianza kujenga jiko. Lori la saruji lilifika asubuhi, wakati wa supu, likasimama katikati ya wateja, na dereva akateremka na karatasi yake mkononi akiwa na haraka.

"Mwenye kiwanja ni nani hapa?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema wa meza ya pili, na nyuma yake wa tatu, na yule wa getini akaitikia kutoka huko huko getini, mpaka tukaisha wote.

Dereva alitutazama, mmoja ana mwiko, mwingine ana unga mpaka kwenye viwiko. "Mama zangu, sina muda wa mchezo," akasema. "Namtaka mwenyewe, sio wapishi."

Tukamwambia ashushe tu saruji.