Bata Mzinga Aliyepimwa Badala ya Mwanangu

Kijijini kwetu yupo bata mzinga aliyepimwa uzito na daktari, akatangazwa kuwa mtoto mwenye afya kuliko wote.

Mnaodhani nimelewa, kaeni kitako. Bata ni wangu.

Huku vilimani juu ya mji wa Cobán watoto wetu walikuwa hawakui. Rosenda wangu alikuwa na mwaka na ushee, mashavu yamebonyea, na kila nikimwogesha moyo uliniuma.

Ndipo Daktari Barrientos akaja na utafiti wake kutoka mjini. Kila nyumba ikapewa bata mzinga jike. Mtoto ale mayai, daktari aje kumpima.

Wazo zuri. Shida ilikuwa daktari mwenyewe.

Kwetu mgeni wa heshima hapewi maharage. Anachinjiwa bata mzinga, anapikiwa supu nyekundu ya pilipili, na akikataa ametutukana.

Daktari hakuwahi kututukana.

Akija kupima kwa akina Tzib, supu. Kwa akina Xol, supu. Anafuta mdomo, anatikisa kichwa.

"Bata wanapungua sana. Lazima kuna ugonjwa."

Ugonjwa wenyewe umeketi pale, unaomba tortiya nyingine ya mahindi!

Akabaki bata wangu peke yake. Rosenda alishaanza kula mayai, alishaanza hata kucheka. Asubuhi moja tukasikia gari la daktari. Mama mkwe wangu, Candelaria, akachomoa kisu.

"Mama, usimguse! Huyo ndiye mayai ya mjukuu wako!"

"Nimpe daktari maharage? Watu watatusema mpaka tuingie kaburini!"

Alipoingia jikoni kutafuta sufuria, nikamzoa bata, nikamfunga miguu, nikamviringisha kwenye shuka la kubebea mtoto. Nikamtia mgongoni. Bata akifunikwa hutulia.

Rosenda alikuwa ndani, amelala fofofo.

"Aa, mtoto huyo!" daktari akasema, mizani mkononi. "Mlete tumpime."

Nikamshusha mgongoni, shuka nimelibana.

Kwetu mtoto hafunuliwi mbele ya mgeni, asije akapatwa na jicho baya. Daktari naye alijisifu kwa kuheshimu mila. Akamning'iniza vilevile, na shuka lake.

Mshale wa mizani ukaruka.

"Mungu wangu! Ameongezeka ajabu!"

Ndani ya shuka: "Kluk."

"Ana kikohozi kidogo. Mpe maji ya uvuguvugu."

Mama mkwe akatoka na kisu. "Elvira, bata yuko wapi?"

Akaona unyoya umechomoza kwenye shuka. Akatazama mizani. Akanitazama mimi. Nikajua leo nimekwisha.

"Daktari," akasema taratibu, "utatusamehe, leo kuna maharage tu. Bata kafa kwa ule ugonjwa wako."

Muda si mrefu "mtoto" wangu akatangazwa kuwa mwenye afya kuliko wote, mradi ukasemwa umefaulu, ukahamia bonde jingine pamoja na daktari wake.

Tukaazima dume kijiji cha pili. Bata wangu akaatamia, vifaranga nikawagawia majirani. Safari hii mayai yakafika midomoni mwa watoto. Rosenda sasa anamkimbiza bata uani, mashavu yamejaa, nami namtazama nacheka mwenyewe.

Kwa hiyo daktari hakudanganya. Watoto wetu walinawiri kweli. Walianza alipoondoka.

Jamani, mkiletewa msaada, shukuruni. Ila mtazameni vizuri aliyeuleta: akishaketi mezani kwenu, mficheni bata.