Pilau Iliyomwagwa Matangani

Harufu ya pilau ikinipata popote, hunirudisha kwetu karibu na Ogembo, siku tuliyomzika shangazi. Alikuwa mwalimu kaskazini. Magaidi walilisimamisha basi alilopanda kuja likizo, wakawatenga abiria Wakristo na kuwaua.

Mama mmoja Mwislamu, muuza vitambaa sokoni na rafiki wa shangazi tangu shule ya msingi, alikuja na sufuria ya pilau kichwani. Sisi watoto tulikuwa na njaa, na mvuke wa mdalasini ulitufikia kabla yake. Baba akamzuia langoni.

“Mama, rudi kwenu.”

“Kwetu ni hapa, kaka. Hata mimi nimefiwa.”

Baba akamtua ile sufuria, akaimwaga yote chini ya migomba, mchungaji na chifu wakitazama. Hakuna aliyemkataza. Yule mama aliokota sufuria yake, akasimama barabarani, nje ya ua, mpaka jeneza likashushwa.

Wiki hiyohiyo polisi walifanya msako wa magaidi mjini, wakamchukua mwana wa yule mama. Hajaonekana mpaka leo. Baba alipoletewa habari hiyo, aliuliza kama ugali umeiva.