Kipande cha Nyumba ya Aminiel

Shahada ya tatu wataalamu wa lugha wameiita ya uzamivu, na aliyelibuni neno hilo bila shaka aliwahi kumwona mtu kama Eunike. Alizama akiwa na nywele nyeusi tii na mchumba. Mchumba alichoka kungoja, akaoa kwingine. Sasa mvi zimeanza kuchungulia na mwenyewe hajaibuka. Kijijini kwao, milimani juu ya Same, uzamivu hawaujui. Wanajua tu kwamba binti wa marehemu Aminiel anasomea udaktari, basi kila akipita wanamwonyesha magoti yanayouma. Zamani alikuwa akieleza kwamba yeye ni mhandisi wa ujenzi. Siku hizi anawaambia wapunguze mizigo, anaendelea na njia yake.

Alichokuwa akikitafiti ni ndiva, yale mabwawa ya udongo ambayo Wapare wa zamani waliyajenga ili maji yakusanyike usiku, asubuhi yafunguliwe mashambani. Eunike alitaka kujua maji yanavyopenya kwenye kingo hadi zikavuja na kubomoka. Chuo kilishamwongezea muda kwa mara ya mwisho. Msimamizi wake, mtu asiye na maneno mengi, alimwambia alete vipimo vya mvua za vuli, aandike, amalize. Bila vipimo hivyo, shahada aisahau.

Ukingo wa ndiva umegawanywa, kila nyumba na kipande chake cha kutunza. Eunike alipoomba kutoboa matundu ya kupimia, kila mwenye kipande alikohoa na kutazama pembeni. Akatoboa kipande cha baba yake. Alididimiza mabomba ya plastiki, na ndani ya kila bomba akaning'iniza kipimo kinachojiwekea kumbukumbu chenyewe. Mvua zilinyesha vizuri. Vuli ilipokwisha, alipanda mlima kwenda kuvichukua. Alifika jioni, miguu imevimba kwa safari ya basi, akala makande kwa shangazi yake Ruthi, akalala kama gogo.

Alfajiri pembe ililia, naye aliisikia. Mpare haelezwi maana yake: ni msaragambo, kazi ya kijiji, kila nyumba itoe mtu na jembe. Shangazi aligonga mlango.

"Eunike, huamki? Leo ni ndiva."

"Nimechoka, shangazi. Nitakwenda mchana kuchukua vitu vyangu."

"Haya mwanangu, lala."

Akavuta blanketi. Alikuwa amechoka kweli, simsingizii. Ila miaka yote ya masomo hakuwahi kukanyaga msaragambo, na alishajizoesha kuuona kuwa ni kazi ya watu wa pale, utadhani yeye kitovu chake kilizikwa Ulaya.

Mchana shangazi alirudi, matope hadi magotini, uso umechangamka, beseni kichwani.

"Tumekuokoa na aibu," alisema akilitua. "Ilipoitwa nyumba ya Aminiel, kimya. Nikasema mtoto amechoka na kusoma, tumfanyieni. Wanawake wote wakaja kwenye kipande chenu. Kumbe yale mabomba ndiyo yaliyokuwa yanavujisha! Tumeyang'oa, tumeshindilia mfinyanzi. Haivuji tena hata tone."

Ndani ya beseni vipimo vilikuwa vimepangwa, vinang'aa.

"Na hivi, shangazi?"

"Vilijaa tope. Tumevifungua tukavisugua kwa sabuni mpaka ndani. Ungevipelekaje chuoni vile?"

Eunike alichukua kimoja. Maji ya sabuni yalikuwa yakichuruzika kutoka pale ambapo vuli nzima ilikuwa imehifadhiwa. Alitaka kulia, halafu akasikia usingizi, na usingizi ukakishinda kilio. Amlaumu nani? Angeitikia pembe, angesimama pale ukingoni na kusema neno moja tu: acheni.

"Vipi, tumekosea?"

Alizitazama kucha za shangazi yake zilizojaa udongo.

"Hapana, shangazi. Asanteni. Vimetakata."

"Basi andika kwamba imeacha kuvuja, umalize urudi nyumbani. Umechoka mno."

Jioni alimpigia simu msimamizi wake. Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho, akasema pole, na ilikuwa pole ya msibani.

Wiki iliyofuata, kazi ya ndiva ikiwa haijaisha, pembe ililia Eunike akiwa ameshaamka. Alipanda na jembe la kuazima. Mzee Hezroni, mwenye kuita nyumba, aliita moja baada ya nyingine.

"Nyumba ya Aminiel?"

Wanawake walishafumbua vinywa kumjibia, kama walivyozoea.

"Nipo," alisema Eunike. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari." Hezroni alimtazama yeye na jembe lake, akatabasamu kwa huruma. "Lakini kipande chenu kimeshakwisha, mwanangu. Wewe kapumzike."

Wenzake walitawanyika kazini. Eunike aliweka jembe chini, akakaa juu ya ukingo wa baba yake usiovuja hata tone, akalia.