Mvua Ikianza, Itika

Enzi zetu kule Makete, mvua haikuulizwa kwenye simu. Siku hizi kijana anasimama dirishani, kioo kinachuruzika maji, na bado anainamia simu ili aambiwe kama inanyesha. Sisi tuliisikia ikija juu ya mabati ya shule, tukatimua mbio na sweta zetu zilizotoboka viwiko, matope hadi magotini, akili yote iko kwenye viazi vya kuchoma nyumbani.

Mama alikuwa na desturi yake. Matone ya kwanza yakidondoka, anasimama mlangoni na kutuita mmoja mmoja kwa jina, na popote ulipo lazima uitike, "Nipo!" Hata kama mdomo umejaa kiazi cha moto. Usipoitika, anajifunga khanga na kukufuata huko huko kwenye mvua. "Mto ukijaa nitamwuliza nani ulipo?" alikuwa akisema, huku akikufinya sikio.

Darasa la sita mwalimu wa jiografia akatufundisha tundra. Mvua na theluji ya kule, alisema, ni kidogo kama ya jangwani, lakini ardhi ya chini imeganda, hata theluji ikiyeyuka maji hayana pa kwenda. Tulicheka sana. Nchi gani hiyo isiyootesha hata kiazi? Nani angekwenda kuishi huko?

Amekwenda mwanangu, Baraka. Nilimzaa huku Marekani nilikohamia, hapa hapa mjini Hyattsville, akakua, akapata kazi kwenye visima vya mafuta kaskazini kabisa mwa Alaska. Nami nikawa mama yangu kabisa: kila nikiona kwenye simu inaanguka theluji kule, nampigia. Mwanzoni alipokea. "Mom, I'm fine. It's just snow." Nikimwambia, "Sema nipo," anacheka tu. Baadaye akawa hapokei.

Rafiki yangu Wanjiku akanionya, "Dada, watoto wa huku hawapendi kucheckiwa kila saa. Mpe space." Nikampa. Nikanyamaza mpaka miti yote ya mtaani ikapukutika.

Nilipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa. Kazini kwake wanasema aliacha kazi zamani, hawajui alikoelekea. Polisi wa kule wananiambia ni mtu mzima.

Mama alijua aanzie upande gani kututafuta. Mimi natazama ramani ya huko, nyeupe tupu. Sijui mwanangu amekufa au amenichoka. Siku hizi nikipiga magoti, naomba awe amenichoka.