Njia ya Wareno Kupitia Balkoni

Shule niliiacha darasa la nne, kwetu Kalemie, Kongo. Lakini 2017 niliwafundisha historia watoto wa Johannesburg bila kukanyaga darasa lao.

Binti yangu alitakiwa asimame mbele ya wenzake aeleze kwa nini Wazungu wa zamani walitafuta njia mpya za baharini. Akishindwa, anarudia mwaka. Alikariri kurasa mbili za Kiingereza, na kila akifika katikati analia.

"Nieleze mimi," nikamwambia.

"Papa, wewe ni wa kuuza samaki."

"Ndiyo! Samaki hao ndio walionunua hiyo sofa unayokalia ukilia."

Nikajaza sahani ndakala, dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika wanaotulisha sisi wote. Mama yake nikamweka jikoni: "Wewe India, na hawa dagaa ndiyo pilipili manga yako." Shangazi yake akasimama kwenye mlango wa jikoni, jirani yetu Mtanzania mezani, wao ndio madalali wa njiani. Sahani ikapita mkono kwa mkono. Kila mmoja akachota fungu lake, vile madalali wanavyochota kopo kwenye kila gunia, kisha akapandisha bei. Binti yangu, ndiye Mreno, mnunuzi wa mwisho pale kwenye sofa, akafikiwa na dagaa watatu kwa bei ya ng'ombe.

"Eish, Papa, huu wizi!"

"Biashara hiyo, mwanangu," jirani akasema, mdomo umejaa.

"Sasa Mreno afanye nini?" nikauliza.

Akautazama mlango. Shangazi amejaa pale, mikono kiunoni. Binti akainuka polepole, akatoka kwa balkoni, akaambaa na ukuta.

"Hapo ndiyo Cape, kusini mwa Afrika! Zunguka!" nikapiga kelele.

Akaibukia mlango wa nyuma wa jikoni, kwa India mwenyewe. Mama yake akamjazia sahani, machozi yakaisha.

"Mimi pia nilichoka kununua dagaa kwa madalali wa Lusaka," nikamwambia, "nikapanda basi mwenyewe mpaka ziwani. Ila Wareno walikwenda na mizinga. Mimi nilikwenda na magunia matupu, na nikashinda."

Asubuhi, mtoto huyu aliyekuwa ananawa mara tatu ili marafiki wasisikie harufu ya samaki, akaniomba mfuko wa ndakala. Akawapanga wenzake darasani kama nilivyotupanga sisi. Alirudi anakimbia: amekuwa wa kwanza! Mwalimu aliuliza amesoma kitabu gani.

"Nikamwambia, si kitabu. Ni papa yangu."

Jumamosi mwalimu mwenyewe akaja mezani kwangu sokoni, moja kwa moja, bila dalali. Nilimpimia kopo la ndakala likafurika.